Mbona magemu ya hela nyingi yanaogopa mhusika mkuu mwanamke?

Mpenda Stori:
Habari zenu wakuu, kuna kitu kinanisumbua muda mrefu nataka tukijadili vizuri. Kila ikitoka trela ya gemu kubwa yenye mwanamke kama mhusika mkuu lazima mtu aandike "hii hawajatutengenezea sisi" na mamia wanagonga laiki. Ciri, yule binti mwenye upanga, alipotangazwa kuwa ndiye mhusika mkuu wa The Witcher 4, Desemba 2024, ikawa hivyo hivyo, wakati The Witcher 3 tulishamchezea kabisa kwenye baadhi ya vipande! Hivi ni kweli mwanaume hanunui gemu ya mwanamke au makampuni ndiyo yametuamulia? Mimi mwanaume, Horizon Zero Dawn nimeimaliza mara mbili, na sikumbuki hata siku moja nimejificha kwenye majani marefu nasubiri lile dude la chuma ligeuke nilitandike mshale kwenye mitungi ya mgongoni halafu nikaanza kuwaza kwamba Aloy ni mwanamke. Nilikuwa nawaza mishale imebaki mingapi.

Padi Mkononi:
Mkuu shida ni hela tu. Gemu ikishakula mamilioni ya dola kila mtu ofisini anaingiwa na woga, na mwenye woga anarudi kwa kile kilichouza juzi, jamaa mwenye ndevu na bunduki. Siungi mkono ila naelewa. BioWare, waliotengeneza Mass Effect, ambayo mhusika mkuu Shepard unachagua mwenyewe awe mwanaume au mwanamke, walisema 2011 kwamba waliochagua Shepard mwanamke ni asilimia 18 tu. Wewe ndiye mtu wa masoko, namba hiyo iko mezani, kwenye kava unamweka nani?

Dada wa Konsoli:
@Padi Mkononi hiyo 18 naomba tuiangalie ilivyopatikana. Kava ya Mass Effect ya kwanza mwanaume, ya pili mwanaume, trela zote mwanaume, ukiwasha gemu ukibonyeza bonyeza tu bila kubadili kitu unapewa mwanaume. Mimi Shepard wangu alikuwa mwanamke tangu siku ya kwanza, na Jennifer Hale alivyomwigiza kwa sauti ile, ukimsikia akimkatalia mtu unakaa sawa kwenye kiti, lakini nilikuja kujua yupo kwa sababu niliingia mwenyewe kwenye menyu nikabadilisha. Wangapi hawakuingia? Yaani unamficha mtu halafu unahesabu waliomwona! Mwaka 2012 kwenye Mass Effect 3 ndio wakamtolea trela yake, na kava ukaweza kuigeuza yeye akawa mbele.

Na si wao peke yao. Waliotengeneza Remember Me, ile ya 2013, walieleza wazi kwamba walizunguka kwa mapablisha na kuna waliowakatalia kwa sababu mhusika ni mwanamke. Kwenye The Last of Us, watengenezaji wake Naughty Dog waliombwa wamtoe yule binti Ellie mbele ya kava wamrudishe nyuma, wakagoma. Sasa ukijumlisha yote hayo, soko halijaulizwa kitu hapo, limejibiwa kabla.

Mzee wa Kuseivu:
Dada umenena. Niongeze kwamba hata walipomweka mwanamke, mara nyingi bado walikuwa wanamfikiria mwanaume aliyeshika padi. Metroid ya 1986 mhusika mkuu Samus, ambaye ni mwanamke, yuko ndani ya vazi la chuma gemu nzima, kijitabu cha Kiingereza kinamtaja kama mwanaume, halafu ukimaliza haraka anavua helmeti, ukimaliza haraka zaidi anavua na nguo, eti ndiyo zawadi yako. Lara Croft wa Tomb Raider naye mnajua alivyotangazwa tangu 1996, umbo lake mbele. Na ile Tomb Raider ya 2013, kabla haijatoka prodyusa wake alisema mchezaji atataka kumlinda Lara. Kumlinda! Sijawahi kusikia mtu anataka kumlinda Kratos, lile jibaba la God of War. Kiukweli mimi hilo linaniuma kuliko hata idadi ya wahusika.

Ila tukubali wanawake wanaocheza hawapendi magemu ya aina moja, kwa hiyo kumweka mwanamke kwenye kava pekee haileti wanawake wapya kwenye gemu ya risasi.

Padi Mkononi:
Hapo kwa Mzee nakubali kabisa. Na @Dada, kuhusu menyu umenifanya nifikiri, mimi mwenyewe nilibonyeza tu nikaendelea.

Mpenda Stori:
Mnakumbuka zile nyaraka za Sony kwenye kesi ya Microsoft 2023, zilizofutwa kwa maka peni lakini namba zikasomeka? Kutengeneza The Last of Us Part II dola milioni 220 hivi, Horizon Forbidden West milioni 212. Zote mbili wanawake! Na Part II iliuza nakala zaidi ya milioni 4 ndani ya siku tatu. Kwa hiyo hela wanayo wakitaka.

Dada wa Konsoli:
Na kwenye hiyo Part II ndipo Laura Bailey aliyemwigiza Abby, mmoja wa wanawake unaowachezea, akaanza kutumiwa vitisho vya kuuawa, sababu ya mhusika tu. Ndiyo maana hizo "hawajatutengenezea sisi" mimi siwezi kuzipita kimya. @Mpenda Stori kama hujacheza gemu ya Control anza nayo, mhusika mkuu wake Jesse ni mwanamke, utampenda.

Mpenda Stori:
Naidaunilodi usiku huu.