Wanafunzi 300, ukumbi wa viti 120: kipi kiende mtandaoni?

Mleta mada: Wakuu, kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza ina wanafunzi 300 na saa tatu za mhadhara kwa wiki. Viti ni 120. Moodle, mfumo wa chuo wa masomo mtandaoni, ipo. Kipi kibaki ukumbini, na video zitengenezweje zisimalize bando la mwanafunzi?

Mratibu wa ratiba: Mkuu, maelezo yaende mtandaoni, kazi ibaki ukumbini. Rekodi video tatu za dakika saba, kila moja dhana moja. Kisha gawa makundi matatu ya watu 100, kila kundi saa moja ukumbini. Saa zako zinabaki tatu zilezile. Muda wa mwanafunzi uliobaki ni wa video na zoezi la watu watano watano kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya nje vya kujisomea. Hili la vimbweta usilidharau, ndiko wanakoeleweshana.

Ukumbini usirudie video hata kidogo. Ukirudia, wiki ya tatu hakuna atakayeitazama. Anza na swali la karatasi la dakika tano: tafuta varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, ya sampuli hii: 4, 8, 6, 5, 7. Wastani ni 6, jumla ya miraba ya tofauti kutoka wastani ni 10. Anayegawa 10 kwa 5, kama vile namba hizo ndiyo kundi zima, na anayegawa kwa 4, yaani idadi kutoa moja kwa kuwa ni sampuli, wote wako mbele yako. Hapo ndipo somo la sampuli linapoanzia.

Fundi wa Moodle: Video iwe ya ubora wa 480p, kilobiti 400 za picha na 48 za sauti kwa kila sekunde. Dakika saba zinakuwa kama MB 24, zote tatu MB 70 na ushee. Pakia faili lenyewe, usiweke kiungo cha YouTube, maana programu ya Moodle ya simu haiwezi kukipakua. Faili mwanafunzi analishusha kwa waifai ya chuo, anatazama bwenini bila bando.

Mleta mada: Na jaribio la kila wiki?

Fundi wa Moodle: Usilifungue saa 2 usiku kwa wote, watu 300 wakibonyeza pamoja seva inakwama. Liache wazi siku tatu, ruhusu kufanywa nje ya mtandao, na usiweke kikomo cha dakika. Ukikiweka, simu haitalifungua bila intaneti. Majibu hukaa kwenye simu mpaka mwanafunzi arudi hewani, kwa hiyo mwisho uwe Jumatatu saa 6 mchana wakiwa chuoni, si Jumapili usiku.