Ushauri wa haraka: mujibu wa sheria si kazi ya kulazimishwa?

Kuruta_Mpole: Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Nimesoma kwamba Mkataba Na. 29 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa mwaka 1930 unakataza kazi ya kulazimishwa, na Tanzania iliuridhia 1962. Sasa kijana akiigomea JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), yale mafunzo ya lazima ya mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, ana hoja? Usingizi sina.

Wakili wa Uswazi: Hoja ipo, ila ina miiba. Mkataba huo unairuhusu huduma ya lazima ya kijeshi, mradi kazi iwe ya kijeshi tupu. Kwata na bunduki sawa. Kupalilia mahindi ndipo ubishi unapoanzia. Na ule Na. 105 wa 1957 unakataza kutumia shuruti kukusanya nguvukazi ya kukuza uchumi. Lakini Katiba yetu, ibara ya 25, imepiga marufuku kazi ya shuruti, halafu hapohapo ikasema ujenzi wa taifa wa lazima hauhesabiki. Utamshtaki nani?

Mzee wa Operesheni: Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kuipinga sheria ya kuwalazimisha kwenda JKT. Mwalimu akawatimua zaidi ya 300, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Sisi tulikaa mwaka mzima. Mke wangu nilimpata huko, tukigombania ndoo. Ninyi miezi mitatu mnalia?

Dada Salma: Wenzio wako kambini tangu mwezi wa sita. Wewe uko wapi?

Kuruta_Mpole: Kuhusu huo Mkataba 105, Wakili, unaweza kufafanua?

Dada Salma: Nimekuuliza uko wapi, mdogo wangu.

Kuruta_Mpole: Nyumbani. Nilipewa ruhusa ya siku 3, msiba wa babu. Leo ya 11. Msinihukumu, mjomba kanipa kaunta ya duka la simu Kariakoo, nikiondoka anaweka mtu mwingine. Na viganja vimechubuka kwa jembe.

Bodaboda Msomi: Kumbe ILO imeingizwa hapa kama shahidi. Dogo, huo ni utoro.

Afande Mstaafu: Nanusa chai. Una kibali cha kutoka?

Kuruta_Mpole: Ninacho, kipo mpaka sasa kwenye mfuko wa mbele wa bukta.

Afande Mstaafu: Bukta ya kuruta ina mpira kiunoni, haina zipu, na mfuko ni mmoja tu, nyuma. Maelekezo ya kuripoti yanasema hivyo. Chai hii, tena ya rangi.

Bodaboda Msomi: Nilete chapati?

Kuruta_Mpole: Mama aliishona mwenyewe kuokoa hela, akatia mifuko miwili ya mbele, eti niweke karanga. Siku ya kwanza tu nikarushwa kichura.

Afande Mstaafu: Hiyo ya karanga haitungiki. Panda basi usiku huu.

Dada Salma: Pole kwa babu.

Kuruta_Mpole: Yuko barazani. Ananiuliza likizo inaisha lini.