Kompyuta inasema fibrosi ya Papa imepanda, daktari anasema haijabadilika

Mtoto wa Katuba
Jambo wandugu. Papa yangu alitoboa miamba chini ya ardhi kule Kipushi hadi mgodi uliposimama mwaka 1993. Sasa ana fibrosi ya mapafu, yaani makovu ndani ya mapafu. Kikohozi kikavu, na akienda misa anasimama kila kona akijifanya anasalimia watu, kumbe anatafuta pumzi.

Skana ya kwanza tulipiga hapa Lubumbashi. Karatasi inasema makovu yako chini ya mapafu yote mawili, pembeni karibu na utando, pamoja na vitundu vya masega ya nyuki. Ya pili, mwaka mmoja baadaye, tulipiga Lusaka kwa sababu dada yangu anakaa kule. Daktari wa picha akaandika kwamba hakuna mabadiliko ya maana. Halafu mtoto wa shangazi aliye Ubelgiji akaomba CD zote mbili, rafiki yake akazipitisha kwenye programu ya kompyuta, na jibu likarudi: makovu yametoka asilimia 12 ya mapafu hadi 17. Familia imegawanyika vipande viwili. Wengine wanataka kuuza kiwanja leo leo kwa ajili ya dawa. Papa anauliza neno moja tu: "Naendelea kushuka ama hapana?" Tuamini nani?

Fundi Picha
Ndugu, mimi ni fundi wa radiolojia hapa hapa mjini. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na namba yenyewe bado ikawa haina maana. Nieleze.

Skana haioni kovu, inapima uzito wa kila nukta kwa kipimo cha Hounsfield: hewa ni -1000, maji ni 0, pafu zima lililojaa hewa liko karibu na -850. Kovu ni zito kuliko hewa. Programu kama CALIPER, iliyotengenezwa Mayo Clinic kule Marekani, inakata mapafu kuwa vijisehemu vidogo vidogo na kukipa kila kimoja jina: kizima, chenye ukungu, chenye nyuzi za kovu, chenye masega. Mwisho inajumlisha. Inapima hata ujazo wa mishipa ya damu ndani ya pafu, kitu ambacho hakuna daktari anayekihesabu kwa macho, na hicho kimeonekana kutabiri vizuri nani atazidiwa mapema. Kwa hiyo sidharau mashine. Tofauti ya asilimia 5 kwa jicho ni ngumu sana. Waonyeshe madaktari wawili picha moja, hawatataja kiasi kimoja.

Lakini mashine haijui Papa alivuta pumzi kiasi gani. Akivuta nusu, pafu linabana, sehemu ya mgongoni inajikunja, ukungu unaonekana, na programu inaandika "ugonjwa". Pia inategemea unene wa vipande ambavyo skana inakatia picha ya pafu: kwa fibrosi tunataka milimita 1,5 au chini. Vya milimita 5 ni vya kutazama tu, usivipe kompyuta. Halafu kuna kichujio cha picha, kikali au laini. Ukibadilisha kichujio, au ukibadilisha mashine kama ninyi mlivyofanya, sura ya pafu inabadilika bila mgonjwa kubadilika.

Fungua CD, tazama maelezo ya kila mfululizo, utuambie unene. Kwenye ripoti ya Ubelgiji tafuta ujazo wa mapafu yote kwa lita.

Mama Kamalondo
Mimi namba zilitugombanisha sana kwa ajili ya marehemu mama. Je, Papa amepuliza ile mashine ya pumzi? Hamjasema neno juu yake. Skana mbili, nchi mbili, Ubelgiji juu yake, na kupuliza hapana?

Muganga wa Kampemba
Mama ameuliza swali ambalo ningeuliza mimi. Kwenye karatasi ya spirometri, yaani kipimo hicho cha kupuliza, tazama CVF: hewa yote mtu anayoweza kuipuliza kwa nguvu baada ya kujaza kifua. Kwa fibrosi nyingi zinazoendelea, mwongozo wa kimataifa wa 2022 unataka, ili isemwe ugonjwa unazidi, mambo mawili kati ya matatu ndani ya mwaka: dalili kuzidi, vipimo vya pumzi kushuka (CVF kushuka alama 5 za asilimia au zaidi), na picha kuzidi. Na hiyo picha, mwongozo unaihukumu kwa jicho. Asilimia za kompyuta bado hazijaingia humo.

Jambo la pili: mchimbaji. Silikosi kwa kawaida hukaa juu ya mapafu, ikiwa na vinundu. Ya Papa iko chini na ina masega, inafanana zaidi na aina nyingine, ile ya fibrosi isiyojulikana chanzo. Programu hizi nyingi zilifundishwa kwa wagonjwa wa aina hiyo nyingine, kwa hiyo kwa pafu la vumbi la mgodi ningezitumia kwa hadhari. Na mtu aliyevuta vumbi la silika hupata kifua kikuu kwa urahisi. Kama bado, apimwe makohozi kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta kifua kikuu, kabla hamjauza kiwanja.

Kuhusu dawa: nintedanib na pirfenidone zilikubaliwa Marekani mwaka 2014. Zinapunguza mwendo wa kushuka, nintedanib karibu kwa nusu kwenye majaribio. Kovu lililopo haziliondoi. Msinunue kwa sababu ya 12 na 17.

Mtoto wa Katuba
Aksanti sana. Nimefungua CD. Ya hapa ni milimita 1,25. Ya Lusaka ina mifululizo miwili, ya 5 na ya 1, na mtoto wa shangazi anaapa walitumia ya 1. Ujazo wa mapafu: lita 3,9 kwanza, kisha 3,3. Spirometri alipuliza mara moja tu, kabla ya skana ya kwanza.

Fundi Picha
Hapo ndipo pagumu, maana fibrosi yenyewe nayo inapunguza ujazo wa pafu. Lita pekee hazitoshi. Tazama bomba la hewa, juu kidogo ya pale linapogawanyika. Mtu aliyejaza kifua, bomba ni duara. Aliyetoa pumzi, ukuta wa nyuma unaingia ndani, linakuwa kama mwezi mchanga.

Mtoto wa Katuba
La kwanza ni duara. La pili ukuta wa nyuma umeingia, hata mimi nisiyesoma udaktari naona. Nimemuuliza Papa. Anasema Lusaka sauti ya mashine ilisema Kiingereza, yeye akangoja, akashusha pumzi, ndipo kitanda kikasogea.

Fundi Picha
Basi 17 iweke pembeni. Spirometri kwanza, wiki hii kama inawezekana, mlinganishe na ile ya zamani. Skana nyingine akiiagiza daktari, iwe kwenye mashine ile ya kwanza, vipande vilevile, kichujio kilekile. Mwambie fundi aamuru kwa Kiswahili, na nyumbani mumfanyishe Papa mazoezi akiwa amelala chali: vuta, toa, vuta hadi mwisho, shika. Akianza kukohoa akishika, mtuambie, tutapanga namna nyingine.

Mama Kamalondo
Na kiwanja msiuze.