Mama yuko ICU kwa dripu ya kupandisha presha, ngozi imepauka kwenye sindano. Naombeni ushauri

Binti_Mkubwa: Habari zenu wakuu. Mama ana maambukizi kwenye damu, presha ilishuka mno. Anapewa noradrenalini kwa pampu, kupitia mshipa wa mkononi. Leo pale sindano ilipoingia ngozi imepauka, ya baridi, na anasema panawaka moto. Ncha za vidole nazo zina rangi ya bluu. Ndiyo kawaida ya dawa? Na presha ikipanda, si waizime tu?

Nesi_Zamu: Pole sana dada, ila mwite muuguzi SASA HIVI, mengine utasoma baadaye. Hiyo ni dalili kwamba dawa inavuja nje ya mshipa. Inabana mishipa midogo ya hapo, nyama inakosa damu na inaweza kufa. Watahamishia dawa mshipa mwingine haraka, wavute iliyovuja kwa kanula (kamrija kalikoingizwa mshipani) ileile kabla ya kuichomoa, na wanaweza kumchoma fentolamini (dawa ya kulegeza mishipa iliyobanwa) kuzunguka hapo. Hiyo haitakiwi kucheleweshwa. Usimwekee barafu, baridi inazidi kubana.

Mfamasia77: Kuhusu vidole: dawa inabana mishipa ya pembeni, ndivyo inavyopandisha presha. Ugonjwa wenyewe pia huchangia, kwa hiyo waonyeshe, wataangalia kama dozi inaweza kupunguzwa. Kuizima ghafla ni hatari. Inaisha nguvu ndani ya dakika chache, presha itaporomoka. Hushushwa kidogo kidogo. Pampu ikilia usiiguse, ita mtu.

Mama anatumia dawa gani nyumbani? Za sonona kama amitriptilini zinaweza kuifanya presha ipande kupita kiasi. Taja pia kama ana pumu au mzio wa salfaiti (kemikali ya kuhifadhi dawa isiharibike), maana noradrenalini nyingi huwekewa hiyo.

Binti_Mkubwa: Asanteni mno. Wamekuja mara moja, wamehamishia mkono wa pili, na daktari anaandaa mshipa mkubwa wa shingoni. Amitriptilini anameza kila usiku na hakuna aliyeniuliza! Nimeshawaambia.

Nesi_Zamu: Umefanya vizuri. Waombe wazungushie kalamu pale palipopauka, zamu inayoingia ione kama panapanuka. Mkono uinuliwe juu ya mto. Akilalamika kichwa kuuma sana, kifua kubana au moyo kwenda mbio, sema hapo hapo. Na uulizie mkojo wa leo ni kiasi gani, ndio utakaokuonyesha kama figo zinapata damu.