Braketi ya NCAA: vigogo watupu, au na wadogo tuwape nafasi?

Mzee wa Rimu
Wakuu, salaam. Ofisini tuko 22 na kila Machi tunajaza braketi ya wanaume, yaani tunatabiri mshindi wa kila mechi ya NCAA, mashindano ya mtoano ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani. Nimekwama kati ya njia mbili. Ya kwanza, namba 1 wote wanne (kila kanda kati ya nne timu hupangwa kwa ubora, namba 1 hadi 16) niwafikishe nusu fainali, kama ilivyotokea 2025 kwa Florida, Duke, Houston na Auburn. Ya pili, niwape wadogo ushindi kuanzia raundi ya kwanza. Alama zetu kwa kila mshindi uliyempatia, raundi kwa raundi, ni 10, 20, 40, 80, 160, na bingwa 320. Nyie mngejazaje?

Binti Kariakoo
Kaka, piga hesabu kwanza. Raundi ya kwanza ina mechi 32. Ukizipatia zote unavuna 320. Bingwa peke yake ni 320! Kwa hiyo bingwa usimchezee. Wadogo wape nafasi pale ambapo kukosea hakuumizi. Ukimtoa namba 5 mapema hupotezi kingi, hata hivyo usingemfikisha mbali. Ukimtoa namba 2 ukakosea, umekata tawi zima.

Kocha Kirumba
Namuunga mkono dada. Tangu 1985 namba 12 humtoa namba 5 katika zaidi kidogo ya theluthi ya mechi zao. Mwaka 2025 walifanya hivyo wawili: Colorado State dhidi ya Memphis, na McNeese dhidi ya Clemson. Hao McNeese walikwenda mapumziko wakiongoza 31-13, wakamaliza 69-67. Namba 16 achana nao. Hadi 2025 wamecheza na namba 1 mara 160, wameshinda mbili tu: UMBC kwa Virginia 2018, Fairleigh Dickinson kwa Purdue 2023.

Posti ya Ilala
Mimi naangalia zaidi nani anashika mpira. Sitasahau 21 Machi 2008, mji wa Tampa. UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) namba 4, Hasheem Thabeet wetu yuko chini ya ringi, nani angewaza San Diego, namba 13? Kipindi cha kwanza A.J. Price, mwongoza mchezo wa UConn, akaumia goti akatoka. Thabeet alibaki na urefu wake wote, lakini wa kumlisha mipira hayupo. Muda wa ziada, sekunde 1.2 zimebaki, San Diego wakatupia: 70-69. Nililia kweli. Uwanja ule ule siku ile, namba 12 wawili na namba 13 wawili walishinda wote. Tangu hapo, timu inayomtegemea mwongoza mchezo mmoja siipeleki mbali, hata iwe na jitu chini ya ringi.

Kocha Kirumba
Umenena mkuu. Purdue walikuwa na Zach Edey, futi 7 na inchi 4, na Fairleigh Dickinson ndiyo iliyokuwa timu fupi kuliko zote daraja la kwanza. Wakamzunguka mbele na nyuma, mpira ukawa unamfikia kwa shida.

Binti Kariakoo
Halafu mna watu 22. Mkichagua bingwa mmoja nusu yenu, hata akishinda bado mnagawana. Tafuta namba 1 au 2 ambaye wenzako hawamtaji, mwenye ulinzi mgumu. Duke ya 2025, alikokuwa Khaman Maluach aliyekulia Uganda, ilipendwa kuliko zote. Ikaongoza Houston kwa pointi 14 kipindi cha pili, ikafungwa 70-67.

Mzee wa Rimu
Nimewaelewa. Naweka namba 12 wawili, namba 11 mmoja, na vigogo kuanzia raundi ya tatu. Bingwa nitamtafuta kwenye ulinzi, na kabla ya kumwandika nitakagua kama kuna majeruhi kati ya waongoza mchezo wa timu zangu nne za nusu fainali. Mechi za Alhamisi zinaanza saa moja jioni kwetu, kwa hiyo naifunga Jumatano usiku. Posti, ukisikia mwongoza mchezo yeyote anachechemea, niandikie hapa hapa.