Ziara ya "urithi wa Wamaya" nyanda za juu za Guatemala: tumeuziwa mbuzi kwenye gunia

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Sisi ni kundi dogo la Watanzania na Wakenya tunaoishi Chicago, na safari hii tuliamua kuachana na fukwe za Cancún, tukajichanga na kulipia ziara ya kuongozwa katika nyanda za juu za magharibi mwa Guatemala ili tujifunze urithi wa Wamaya na mila ambazo bado zinaishi huko. Tangazo la kampuni liliahidi mwongozaji aliyezaliwa katika jamii hizo, siku ya soko Chichicastenango, ibada ya moto chini ya mtaalamu wa kalenda ya Kimaya, kutembelea wafumaji nyumbani kwao, na tena kwamba sehemu ya fedha zetu ingebaki vijijini. Karibu kila kimoja kati ya hivyo ama hakikutokea, ama kilitokea kwa namna ambayo afadhali kisingetokea kabisa. Jina la kampuni silitaji kwa sasa, kwa kuwa madai yetu ya kurejeshewa fedha bado yako benki.

Nianze na mwongozaji, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa bidhaa yenyewe tuliyoinunua. Ni kijana mwungwana na sina ugomvi naye binafsi, lakini ni mzaliwa wa mji mkuu, hajui K'iche' wala Kaqchikel, na kila alipozungumza na akina mama wa makamo kwa Kihispania alijibiwa kwa kutikisiwa kichwa tu. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, na katika Ziwa Atitlán peke yake ukipanda boti Panajachel, ambako wenyeji ni Wakaqchikel, unashuka Santiago Atitlán kwa Watz'utujil. Katika ziara inayouzwa kwa jina la utamaduni, lugha haiwezi kuhesabiwa kama pambo la ziada.

Kibaya zaidi, kijana huyo alishika maikrofoni ya basi dogo na kutusimulia kwamba Wamaya "walitoweka kimiujiza", huku nje ya dirisha wasichana waliovaa huipil, yaani blauzi zao za kufumwa, wakirudi shuleni. Ni kweli kwamba miji mikubwa ya nyanda za chini kama Tikal ilihamwa yapata miaka elfu moja iliyopita. Lakini sensa ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa asilimia 41.7 ya Waguatemala ni Wamaya, yaani zaidi ya watu milioni sita, na mmoja wao alikuwa ndiye dereva wetu, ambaye alisikiliza hadithi ya kutoweka kwake mwenyewe bila kusema neno.

Kituo cha kwanza cha maana kilikuwa Iximche, karibu na Tecpán. Huu ulikuwa mji mkuu wa Wakaqchikel, ulioanzishwa yapata mwaka 1470, na ulikuwa na watu, masoko na watawala wake wakati Pedro de Alvarado na jeshi lake la Wahispania walipoingia mwaka 1524. Muda wa kuutembelea ulikuwa umeliwa na duka la vito vya jedi huko Antigua, kwa hiyo viwanja vya mji ule tulivipita mbiombio hadi nyuma kabisa, kwenye misonobari, ambako Wamaya wa leo huja kuwasha moto wa ibada.

Tulikuta familia moja pale. Mzee alikuwa amechora duara kwa sukari juu ya udongo mweusi wa moto wa jana, akapanga ubani wa kopali na mishumaa ya rangi: myekundu upande wa mashariki, myeusi magharibi, myeupe kaskazini, ya manjano kusini. Mtoto alikuwa ameshika mfuko wa mkate akisubiri zamu yake. Mwongozaji wetu alituambia tusogee karibu "mpate picha nzuri", na yeye mwenyewe akasimama hatua moja tu kutoka kwenye duara. Mama mmoja alisema kwa Kihispania, kwa sauti ya chini na ya kueleweka, kwamba wanaomba wasipigwe picha. Mwongozaji akatugeukia na kusema kwamba hawana neno, wamezoea. Baadhi yetu tulirudi nyuma. Wengine kutoka kundi tulilochanganywa nalo waliendelea kupiga. Mtu ajiulize angejisikiaje mtalii akiingia msibani kwao na simu mkononi kwa sababu mwenye basi amemruhusu. Ikumbukwe kwamba mwaka 2007, baada ya Rais George W. Bush wa Marekani kutembelea Iximche, viongozi wa dini wa Kimaya walitangaza kwamba wangelisafisha eneo hilo kiroho. Hivyo ndivyo wanavyolichukulia, na mtu anayelipwa kuongoza wageni hapo alipaswa kulijua hilo kabla ya kujua bei ya jedi.

Ibada ya moto "tuliyoandaliwa" sisi ilifanyika baadaye bustanini mwa hoteli, baada ya chakula cha jioni. Alikuja bwana mmoja amevaa manyoya marefu kichwani, mavazi ambayo hatukumwona nayo mwanamume yeyote katika vijiji vya ziwani, akapuliza kombe la baharini, akawasha moto, akatutakia baraka, akaondoka. Ajq'ij, kama wanavyomwita mtunza hesabu ya siku, huita siku za kalenda ya siku 260, ambayo ni majina 20 yakizungushwa na namba 13, na kila siku ina nguvu zake na maombi yake. Usiku ule haikutajwa hata siku moja, hata ile tuliyokuwa tumesimama ndani yake.

Kuhusu Chichicastenango nitasema wazi kwamba hapa hakuna suala la maoni. Soko la mji ule hufanyika Alhamisi na Jumapili, na jambo hilo hulijua hata mtoto wa pale. Ratiba tuliyolipia ilisema Jumapili. Tulipelekwa Jumanne, kwa sababu basi lilikuwa na kundi jingine la kuchukua, na tukatembezwa katikati ya fremu tupu za mbao na maturubai yaliyokunjwa. Kanisa la Santo Tomás lilikuwepo, bila shaka, na kwenye ngazi zake akina mama wawili walikuwa wakifukiza ubani kama inavyofanyika kila siku. Mwongozaji alizihesabu ngazi, akatuambia ni 18, akatupa muda wa picha. Mji huo ndiko padri Francisco Ximénez alikonakili Popol Vuh, simulizi ya Wak'iche' kuhusu kuumbwa kwa ulimwengu na binadamu wa mahindi, mwanzoni mwa karne ya 18, na nakala yake leo imehifadhiwa katika maktaba ya Newberry hapa hapa Chicago. Nilipomuuliza kijana wetu habari hiyo mlangoni mwa kanisa, alijibu kwamba tutachelewa chakula cha mchana.

Hoteli zilikuwa safi na chakula kilikuwa kizuri, hasa pepián, mchuzi wao mzito wa nyama. Sina lalamiko hapo.

Nguo, sasa. Tuliahidiwa nyumba ya mfumaji. Tulipelekwa duka kubwa Panajachel. Mimi niliwahi kufanya kazi ya kuongoza watalii Arusha kabla ya kuhama, na najua namna duka la vinyago linavyomlipa kamisheni anayeleta wageni, kwa hiyo sikuhitaji tafsiri nilipomwona mhudumu akiandika idadi yetu kwenye daftari na mwongozaji akiweka sahihi kabla hatujagusa chochote. Tuliambiwa huipil zote zimefumwa kwa mkono na wanawake wa vijijini. Niliichukua moja, nikaigeuza ndani nje. Maua yalikuwa yamekolea upande wa nje, na upande wa ndani yalikuwa kivuli cha rangi tu, maana yalikuwa yamechapwa kwa mashine. Kitambaa kinachofumwa kwa mkanda wa kiunoni, ambapo mwanamke hukaa chini na kukaza nyuzi kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, hutoka kikiwa na kingo kamili pande zote nne bila kukatwa. Kile cha dukani kilikuwa kimekatwa na kupindwa kwa cherehani. Bei yake, hata hivyo, ilikuwa ya kazi ya miezi.

Jambo hili si dogo kwa wenyewe. Mwaka 2016 wanawake wafumaji wa Kimaya walikwenda Mahakama ya Katiba ya Guatemala kudai kwamba sheria za nchi haziwalindi dhidi ya wanaonakili michoro yao, na mwaka uliofuata mahakama ikalihimiza Bunge kutunga sheria ya kuwalinda. Kampuni inayojinadi kuwa "rafiki wa jamii" ilitupeleka moja kwa moja kwa watu wa aina ile ile ambao wafumaji hao wanawalalamikia.

Mchana mmoja tuliopewa wa mapumziko, baadhi yetu tulipanda boti ya kawaida ya abiria hadi San Juan La Laguna, kijiji ambacho kilifutwa kwenye ratiba yetu bila maelezo. Huko wanawake wana vyama vyao vya ushirika, na mama mmoja alituonyesha jinsi wanavyotia pamba rangi kwa majani, magome na mbegu, kisha wanaishikiza kwa maji ya shina la mgomba. Yeyote aliyewahi kuharibu shati kwa utomvu wa mgomba anaelewa mara moja kwa nini inashika. Tulinunua skafu, jina la mfumaji likiwa limeandikwa kwenye kikaratasi. Kwa hiyo hakuna wa kuniambia kwamba kilichoahidiwa hakikuwezekana. Kilikuwa ng'ambo ya maji.

Santiago Atitlán ndiko nilikokasirika kuliko pengine pote. Tulipelekwa kumwona Maximón, sanamu ya mbao inayovikwa skafu nyingi na kutunzwa na udugu wa kidini katika nyumba inayobadilishwa kila mwaka, ambapo watu huja na sigara, pombe na shida zao. Mwongozaji alimwita "mtakatifu wa walevi" mbele ya mwanamume aliyekuwa amepiga magoti akiomba. Kiingilio na ada ya picha, ambavyo tangazo lilisema vimelipiwa, tulivitoa mifukoni mwetu.

Kisha tukaondoka. Hatukupelekwa katika kanisa la mji, ambako padri Stanley Rother wa Oklahoma aliuawa Julai 1981 kwa kukataa kuwaacha waumini wake, na ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 2017. Hatukupelekwa wala kutajiwa Panabaj, pembeni tu mwa mji, ambako tarehe 2 Desemba 1990 wanajeshi waliwafyatulia risasi wananchi wasio na silaha wakaua 13, na ambako wananchi walisimama hadi jeshi likaondoa kambi yake. Nilipouliza kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1960 hadi 1996, nilijibiwa kwamba kampuni "haijihusishi na siasa". Tume ya ukweli ya mwaka 1999 ilikadiria waliouawa na kupotezwa kuwa zaidi ya 200,000, na kati ya waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Utaelezaje urithi wa watu hawa na mila za nyanda hizi, ukaruka hilo, halafu ukapata muda wa maduka mawili?

Tuliporudi Antigua tuliomba kitabu cha malalamiko, ambacho kila biashara Guatemala inatakiwa kuwa nacho. Tukaambiwa kiko ofisi nyingine. Barua pepe tuliyojibiwa baadaye inasema ratiba "inaweza kubadilika kutokana na hali", na inatupa punguzo la bei kwa ziara ijayo, kana kwamba kuna atakayerudi. Tumepeleka malalamiko DIACO, idara ya serikali ya kuwahudumia walaji, na pingamizi benki pamoja na nakala ya tangazo, ratiba ya awali na risiti za viingilio.

Tunachodai ni fedha za vipengele vilivyofutwa, maelezo ya maandishi kuhusu kile kilichofika vijijini kutoka kwenye malipo yetu, na tangazo lile kuondolewa. Wanaopanga kwenda mwezi Novemba kuona tiara kubwa za Sumpango au mbio za farasi za Todos Santos, dai jina la mwongozaji, lugha anazozungumza na kitambulisho chake cha taasisi ya utalii, INGUAT, kabla hujatoa hata shilingi. Mwenye kumjua mwongozaji mzawa wa K'iche' au Tz'utujil anayefanya kazi kwa kujitegemea aandike hapa chini, maana nina hakika wapo wengi. Uamuzi wa benki ukitoka nitauweka papa hapa, pamoja na jina la kampuni.