Naomba ushauri: mahindi ya nje yana sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu), unga umeshafika madukani

Wakuu, heshima kwenu. Shehena ya gunia 300 za kilo 90 iliingia Kenya na cheti cha maabara safi. Baada ya kusaga, unga umepimwa: sumukuvu ppb 19 (sehemu 19 kwa bilioni). Kikomo cha Afrika Mashariki ni 10 kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1, iliyo kali zaidi.

Nadhani kosa ni sampuli. Bambo (chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli) lilichomwa kwenye magunia ya pembeni tu, na sumukuvu hukaa kwa mafungu. Gunia moja bovu, kumi safi. Unyevu wa katikati ya rundo nao ulikuwa 15%, badala ya kutozidi 13.5%.

Mauzo yamesimama, na gunia 110 ambazo hazijasagwa zimetengwa. Kurudisha pakiti zenye namba ya bechi si kazi, ila wenye maduka wanaopima kwa kilo wameshachanganya. Hao mnawafuatiliaje? Na muuzaji anashikilia cheti chake: sampuli mpya ikichukuliwa mbele ya pande zote na kufungwa kwa lakiri, inatosha kudai fidia?

Tafadhali msiniambie niuzie wafugaji wa ng'ombe. Sumu hiyo hutokea kwenye maziwa.